Ukurasa wa Mtandaoni kwa Asiye na Mjomba Kampala

Mwambie kijana wa Uganda anayetafuta kazi kwamba afungue ukurasa wa LinkedIn, mtandao wa watu wa kazi na waajiri, na huenda akakujibu kwa kicheko. Kazi za hapa ni za kujuana, atasema. Tangazo likitoka gazetini, mwenye nafasi keshapatikana na nyinyi wengine mnaitwa kwenye usaili kukamilisha idadi. Wazazi nao wana lao: kuanika picha, namba ya simu na shahada mtandaoni ni kuwaita matapeli, nao hufika kabla ya mwajiri.

Hofu ya wazazi nitairudia. Hilo la kujuana ndilo linalonitatiza, kwa sababu ukilifuata hadi mwisho linakupeleka kusikotarajiwa. Kama kazi ni za kujuana, basi mwenye mjomba wizarani hana haja ya ukurasa wowote. Anayeuhitaji ni yule aliyeshuka basi kutoka Arua au Kasese na diploma yake, asiyejua hata mlinzi wa geti.

Na kujuana kwenyewe kuna ngazi. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha utafiti kuhusu watu waliopata kazi kupitia mtu waliyemfahamu. Waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara walikuwa asilimia 16.7 tu. Asilimia 55.6 walionana naye mara mojamoja, na asilimia 27.8 kwa nadra. Maelezo yake yanaingia akilini: rafiki wa karibu anasikia habari zilezile unazosikia wewe, ilhali mtu wa mbali anatoka kwenye kijiwe kingine. Ni kweli kwamba takwimu hizo zilitoka kwa watu 54 pekee wa kitongoji kimoja karibu na Boston, na mtu ana haki ya kuuliza zinatuhusu nini sisi wa Wandegeya, hapa Kampala.

Mwaka 2022 hoja hiyo ilipimwa kwa kipimo kikubwa zaidi. Watafiti walichunguza majaribio yaliyofanywa ndani ya LinkedIn kwa miaka mitano, yakihusisha watu zaidi ya milioni 20 waliopendekezewa watu tofauti wa kuungana nao. Kwa jumla, waliofahamiana kwa mbali kiasi ndio waliosaidiana zaidi kuhama kazi. Ila kuna kipengele ambacho wapigadebe wa mitandao hukiruka: katika sekta zisizotegemea sana teknolojia ya kidijitali, uhusiano wa karibu ndio uliofaa zaidi. Sasa tazama uchumi wa Uganda, wenye mashamba, maduka, ujenzi na usafirishaji. Anayesema kazi ni za kujuana kwa karibu ana ushahidi, tena mzito kuliko anavyodhani.

Hata hivyo, nadhani ushahidi huo unahukumu aina ya ukurasa kuliko ukurasa wenyewe. Kurasa nyingi za vijana wetu ni barua ya maombi iliyobandikwa hewani: mchapakazi, mwaminifu, yuko tayari kujifunza. Nani hayuko? Chukua kijana aliyefanya mafunzo kwa wakala wa forodha Malaba, mpakani na Kenya. Badala ya sifa hizo, aandike aya moja kueleza kwa nini lori linaegeshwa nusu siku pale uzito wa mizani usipolingana na ule wa kwenye hati, na nani huanza kupigiwa simu. Mwenye kampuni ya mizigo akisoma hapo anajua huyu alikuwepo. Vivyo hivyo fundi wa vigae anayeweka picha za sakafu kwenye WhatsApp, kabla na baada, na jinsi alivyokata kona ya bafu. Kwa fundi, sijui kama LinkedIn ina faida yoyote. Wateja wake wako WhatsApp na TikTok.

Sasa wazazi. Matapeli wapo kweli, wale wa "tuma elfu hamsini ya fomu kwa simu tujaze nafasi yako Dubai". Lakini namba ya simu na ya kitambulisho hazina kazi kwenye ukurasa wa wazi. Barua pepe inatosha. Kwa wasichana shida ni kubwa zaidi, maana ujumbe unaoanza na "tuna nafasi ya mapokezi" mara nyingine haukusudii mapokezi hata kidogo, na sioni sababu ya kumlaumu anayeamua kutoweka picha. Kuna pia maneno ya zamani uliyoyaandika mtandaoni. Mwajiri atayafukua, na nchi ambayo mwaka 2022 ilikaza Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, inayogusa yanayoandikwa mtandaoni, inawapa watu sababu ya kunyamaza.

Gharama nayo si ya kupuuzwa. Mwaka 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayeingia kwenye mitandao ya kijamii. Mwaka 2021 ikaiondoa tozo hiyo na kuweka ushuru wa asilimia 12 kwenye bando. Facebook ilifungwa Januari 2021, watu wakakimbilia VPN, programu za kukwepa kufungiwa huko. Asiye na kipato anayahesabu hayo yote kabla ya kubofya.

Kitu kimoja hakigharimu bando la ziada: kutaja Kiswahili kwenye ukurasa wako. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza mwaka 2010, na Kenya, Rwanda na Uganda zimeondoleana ada ya kibali cha kazi. Vijana wa Busia na Malaba wamekua wakibishana bei kwa Kiswahili, lakini fungua kurasa zao, kwenye sehemu ya lugha utakuta Kiingereza na lugha ya nyumbani basi. Meneja wa ghala Mombasa anayetafuta mtu wa kufuatilia mizigo ya Kampala atapita hapo na kuendelea kutafuta.