Homeopathi si tiba ya maumivu sugu

Mgongo unaouma mwaka mzima hauumi sawasawa kila siku. Unapanda, unashuka, na mtu hukimbilia dawa siku umezidi kabisa. Wiki mbili baadaye umetulia, kama ambavyo ungetulia hata bila dawa, sifa zote zinakwenda kwa vidonge vitamu vya homeopathi, yaani sukari iliyonyunyiziwa dawa iliyozimuliwa mara nyingi. Hapo ndipo wagonjwa wengi wa Dar es Salaam wanaponaswa, na pesa ya mazoezi ya viungo imeshaliwa.

Soma chupa. 30C maana yake tone moja la dawa limetiwa kwenye matone 99 ya maji au spiriti, likatikiswa. Tone moja la hapo likatiwa kwenye matone mengine 99, hivyo hivyo mara 30. Ukivuka mara ya 12 tu, ni bahati kubaki na molekuli moja ya dawa ya mwanzo. Unanunua sukari. Ila kwenye chupa ya 1X au 3X, yaani tone moja kwa matone 9, mara moja au mara tatu tu, dawa imo, na kama imetoka kwenye mmea wenye sumu inaweza kudhuru.

Mwaka 2015 baraza la utafiti wa tiba la Australia lilipitia ushahidi uliopo, halikupata hata ugonjwa mmoja ambao homeopathi imethibitika kuutibu. Ufaransa iliacha kuilipia kupitia bima ya taifa mwaka 2021.

Nafuu ya kusikilizwa siipingi. Mtaalamu wa homeopathi huweza kukaa na mgonjwa saa nzima, akamuuliza usingizi, kazi, hata majonzi. Kwenye foleni za hospitali zetu muda huo haupo, na hilo linaniuma.

Ukitaka kupima tiba yoyote, chukua daftari. Kila jioni andika maumivu kwa namba, 0 hadi 10, na kazi moja halisi: umeweza kusimama kwenye daladala kutoka Mbagala hadi Kariakoo? Andika wiki nne kabla, wiki nne baada. Usianze vidonge na mazoezi katika wiki ile ile, hutajua kipi kimesaidia.

Kidonge "cha asili" kinachokata maumivu ndani ya saa moja kishuku: huenda kimechanganywa kwa siri na dawa za hospitali: diklofenaki, ya kutuliza maumivu, au deksamethasoni, ya jamii ya steroidi. Uso ukianza kuvimba, kipeleke kwa daktari, na kama umekitumia kwa wiki kadhaa usikiache ghafla kabla hajakuona.

Mgongo ukiambatana na homa, jasho la usiku au kukonda, kapimwe kifua kikuu cha uti wa mgongo. Ganzi sehemu za siri, mkojo kuziba au kutoka wenyewe, miguu kulegea: nenda hospitali leo hii.