Simu isipopokelewa, mashine ijibu nini?

Ofisi za mawakili, wahasibu na wahandisi zina shida inayotokana na kazi yenyewe: anayelipwa ili afikiri bila kukatizwa ndiye huyohuyo anayetakiwa kuwa karibu na simu. Wakili akiwa mahakamani, simu yake iko kimya. Mhasibu aliyekaa na mteja hawezi kuinuka kila inapoita. Anayepiga hana habari na hayo. Simu inaita mpaka inakatika, naye anajaribu namba ya ofisi nyingine.

Hapo ndipo wauzaji wa mifumo ya kujibu simu walipoona soko. Simu isipopokelewa kwa sekunde kadhaa, huelekezwa kwenye mfumo, ambao hunasa namba ya aliyepiga, humtumia meseji papo hapo na kumpa nafasi ya kuchagua muda wa kuongea. Mingine hupokea kabisa na kuzungumza kwa sauti ya akili mnemba.

Hoja yao kubwa ni kasi, na mara nyingi hutaja utafiti uliochapishwa na Harvard Business Review mwaka 2011: kampuni zilizomtafuta mteja ndani ya saa moja zilikuwa na nafasi karibu mara 7 ya kupata mazungumzo ya maana, zikilinganishwa na zilizochelewa hata kwa saa moja zaidi. Ni kweli, ila utafiti huo ulihusu watu walioulizia kupitia intaneti. Haukupima meseji ya mashine baada ya simu kukosa mpokeaji. Hata hivyo mantiki yake siipingi. Aliyepiga simu kwa kawaida ana haraka kuliko aliyejaza fomu, na akijua atapigiwa saa kumi jioni, huenda asihangaike kwingine.

Tatizo linaanza mashine inapopewa kazi zaidi ya hiyo. Tuseme mwanamke amepiga simu kwa wakili wa masuala ya ndoa, haikupokelewa, akaiacha simu mezani akaenda jikoni. Meseji inaingia: “Asante kwa kupigia kitengo chetu cha talaka. Tueleze kwa ufupi tatizo lako.” Mumewe amekaa hapohapo, na kioo kinawaka. Kwa fundi wa mabomba meseji ya namna hiyo haina madhara yoyote. Kwa wakili au mshauri wa madeni, kule kupiga simu tu tayari ni siri ya mteja.

Na hilo la “tueleze tatizo lako” lina mtego wa pili, ambao wauzaji sijawasikia wakiugusa. Kanuni za mfano za Chama cha Mawakili cha Marekani, kipengele cha 1.18, zinamtaka wakili alinde siri za mtu aliyekuja kutafuta huduma hata kama hakuichukua kesi yake, na alichoambiwa kinaweza kumzuia kumtetea mpinzani wa mtu huyo. Mashine inayokusanya maelezo usiku kucha, kabla mtu hajaangalia kama upande wa pili ni mteja wa ofisi, inaweza kuigharimu ofisi kesi iliyokwisha kuipata.

Sauti bandia nayo ina masharti yake. Februari 2024, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilitamka kwamba sauti za akili mnemba zinaingia chini ya sheria ya simu ya mwaka 1991, inayodai ridhaa ya anayepigiwa. Roboti kupokea simu ni jambo moja, kumpigia mtu ni jingine.

Kwa hiyo ningeuchukua mfumo, lakini ningeunyima maneno. Jina la ofisi lisilotaja aina ya kesi, muda wa kupigiwa, basi. Hakuna maswali. Na muda huo awepo mtu wa kupiga kweli, maana ahadi ya mashine isipotimizwa inaudhi kuliko kimya; aliyeachwa kimya angalau hakukaa akisubiri.

Ripoti za wauzaji pia zisomwe kwa jicho kali. Huhesabu waliojibu meseji, wakati baadhi yao huenda wangepiga tena wenyewe. Ofisi ikiuzima mfumo wiki moja na kuuwasha inayofuata, kwa miezi michache, kisha ikalinganisha mikataba iliyosainiwa, itajua inalipia nini.