Mwanamke hushindwa kabla ya kura kupigwa

Kila uchaguzi wa wabunge ukiisha na wanawake wakatoka wachache, lawama huangukia wapiga kura: eti watu hawataki kuongozwa na mwanamke, eti wanawake wenyewe hawapendani. Mimi sikubali. Ukitaka kumjua aliyemkwamisha mgombea, anzia kwenye kikao cha chama kilichogawa tiketi.

Tazama Mexico. Sheria ilivibana vyama visimamishe wanawake, navyo vikatii kwenye karatasi tu. Bunge jipya lilipoanza mwaka 2009, wabunge kadhaa wanawake waliomba likizo na viti vyao vikachukuliwa na wagombea mbadala wao, wanaume, baadhi yao wakiwa jamaa zao. Yaani mwanamke amepigiwa kura, ameapishwa, kisha barua moja inamtoa bungeni na kumwingiza mwanamume ambaye jina lake lilikuwa limekaa nyuma ya lake tangu mwanzo. Inaniuma hadi leo, kwa sababu wananchi walikuwa wameshafanya kazi yao.

Mambo yalibadilika mianya ilipozibwa. Mwaka 2011 mahakama ya uchaguzi iliamuru mgombea mwanamke awe na mbadala mwanamke. Mwaka 2014 kanuni ya nusu kwa nusu kati ya wagombea wanawake na wanaume ikaingizwa kwenye katiba, na vyama vikakatazwa kuwarundika wanawake katika majimbo ambayo chama hakina hata matumaini ya kushinda. Uchaguzi wa 2021, wanawake walipata viti 250 kati ya 500. Wapiga kura ni walewale!

Ufaransa ilipitisha sheria ya usawa mwaka 2000, lakini kwa uchaguzi wa wabunge adhabu ya chama kisichosimamisha wanawake wa kutosha ikawa kupunguziwa ruzuku ya serikali. Vyama vikubwa viliona heri vikatwe fedha, na mwaka 2002 wanawake waliambulia viti 71 kati ya 577. Chama tajiri hakiogopi faini.

Kwa hiyo chama kinapojisifu kwamba kimesimamisha wanawake wengi, sihesabu majina. Nauliza wamepewa majimbo gani, na uchaguzi uliopita chama kilipata kura ngapi huko. Ngome zote zikiwa za wanaume, huo si usawa, na tume ya uchaguzi inapaswa kupewa meno ya kuirudisha orodha hiyo kwa chama kabla haijachapishwa kwenye karatasi za kura.