Wao walale miaka 11, sisi tueleze kila siku

Dawa ya deni kulipa. Wiki hii nimeambiwa hivyo mpaka masikio yamechoka, na karibu wote walioniambia wana mkopo mahali. Nikianza kumweleza mtu habari ya mama mdogo na hukumu ya 2014 inayomtaka alipe mkopo aliomdhamini mwenzake, sijafika nusu ananikatisha: si alidhamini? Basi alipe. Haya, alidhamini. Sahihi ni yake, na picha yake ya pasipoti imebanwa kwa pini juu ya fomu, kilemba na kila kitu. Hilo silibishii. Nina ugomvi na jambo lingine, na nitalisema polepole maana nikiliharakisha nitatukana.

Mwanzo wake mnaujua hata nisiposimulia. Mwenzake wa VICOBA, kikundi chao cha kuweka na kukopa, alikopa kwenye kampuni moja ya mikopo, enzi hizo jina la kausha damu, mikopo ya riba ya kunyonya, bado halijavuma. Biashara ikafa, mwenzake akarudi kwao, simu ikawa haipatikani. Kampuni ikaenda Mahakama ya Wilaya ikamshtaki mkopaji pamoja na mdhamini. Samansi ya mama mdogo ikapelekwa Mbagala, Dar es Salaam, kwenye chumba cha kupanga alichokwisha kuhama. Mpeleka samansi akaandika kwamba hapatikani, ikaombwa ruhusa ya kumtangaza gazetini, akatangazwa. Gazeti la Kiingereza. Mama yangu mdogo gazeti analifahamu vizuri sana, amefungia watu maandazi kwa gazeti nusu ya maisha yake, lakini kurasa za matangazo ya mahakama, kwa kweli, alikuwa hajaanza kuzisoma. Shauri likasikilizwa upande mmoja, na hukumu ikatoka: milioni nne, riba, na gharama za kesi.

Halafu kimya.

Huyu si mtu aliyetorokea Msumbiji. Namba yake ya simu ni ile ile iliyoandikwa kwenye fomu ya udhamini. Laini ameisajili kwa alama za vidole kama tulivyosajili wote. Ana kitambulisho cha taifa, ana kadi ya mpiga kura, ana TIN ya kibanda chake, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa anakula kwake chapati kwa mkopo. Ukimtaka mama mdogo unauliza bodaboda yeyote pale kituoni. Kampuni haikuuliza. Ilichukua tuzo yake, yaani hati ya ushindi wa kesi, ikaifungia kabatini miaka 11, na mwaka huu, ukomo wa miaka 12 wa kukazia hukumu ulipoanza kunukia, ndipo ikakumbuka kwamba inamdai mtu.

Na safari hii wamempata bila shida yoyote. Karatasi imekuja mpaka mlangoni, mkononi, ikasainiwa. Naomba mtu anielezee hilo.

Karatasi yenyewe ilisema afike mahakamani atoe sababu kwa nini hukumu isikaziwe, yaani isitekelezwe kwa nguvu. Rudia kusoma. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, aliyeshinda akipitisha zaidi ya mwaka mmoja bila kukazia hukumu, mahakama inatoa notisi kabla ya kumruhusu aendelee. Kwa akili yangu ya mtaani nilidhani notisi hiyo anapelekewa aliyechelewa. Bwana, ulikuwa wapi? Hapana. Anapelekewa mdaiwa. Wao ndio waliolala, wewe ndiye unayeitwa kujieleza.

Sawa, tukasema tujieleze. Tukamtafuta wakili, kijana mstaarabu, akaenda masjala kupekua jalada, akarudi na maelezo. Hukumu ya upande mmoja inaweza kutenguliwa ikiwa mdaiwa hakupata wito au alikuwa na sababu ya msingi ya kutofika. Maombi hayo yanatakiwa yapelekwe ndani ya siku 30. Siku 30 za mwaka 2014, wakati huo mama mdogo anauza uji bila kujua kwamba ana kesi. Sasa inabidi kwanza aombe kuongezewa muda, chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, na ili aongezewe lazima aeleze kila siku ya kuchelewa. Si takriban. Msimamo wa Mahakama ya Rufani umerudiwa katika uamuzi baada ya uamuzi: hata siku moja ya ucheleweshaji lazima itolewe hesabu.

Kwa hiyo nimeketi mkekani na mwanamke anayekaribia miaka sitini, tunaandaa kiapo cha maandishi. Notisi ulipokea lini, mama? Ijumaa. Jumamosi ulifanya nini? Nilikwenda msibani Kongowe. Jumapili je? Nilikuwa huko huko, tulilala matanga. Jumatatu ulikwenda kumwona wakili? Nilikwenda kukopa hela ya wakili. Yote hayo yameandikwa, maana tukiruka siku moja, wakili wa upande wa pili ataiokota na kuiinua juu kama kichwa cha nyoka.

Na kampuni? Miaka 11 yake ni zaidi ya siku elfu nne. Nani ameiomba hesabu ya hata moja? Hakuna, kwa sababu sheria haitaki. Ili mradi imeingia ndani ya miaka 12, imeingia. Haihitaji msiba Kongowe.

Nimeambiwa mimi si mwanasheria, na ni kweli. Nimeambiwa pia kwamba ukomo wa miaka 12 upo ili kumpa mdai nafasi ya kutafuta mali ya mdaiwa, kwa kuwa wadaiwa wengine ni wajanja. Hapo nakubali, kwa shingo upande. Nawajua watu wenye gari kwa jina la mke, kiwanja kwa jina la mtoto wa darasa la nne, na laini tatu za simu ambazo zote hazipokelewi siku za kazi. Mtu wa namna hiyo hata miaka 12 ni michache. Lakini kama umetafuta, ukakosa, ukatafuta tena, si unazo barua, si unazo ripoti za dalali wa mahakama, yule anayekamata mali za wadaiwa? Zilete. Nachotaka ni kidogo mno: anayekuja kukazia hukumu baada ya miaka kadhaa aape kiapo kama anachoapa mama mdogo, aseme alimtafuta wapi na alimkosa vipi. Akishindwa, sisemi deni lifutwe. Angalau riba ya muda aliolala aikose.

Maana riba hailali. Kiwango cha kawaida kwa deni la hukumu ni asilimia 7 kwa mwaka mpaka litakapolipwa. Kwa milioni nne ni 280,000 kila mwaka, na kwa miaka 11 ni 3,080,000. Yaani ukimya wao umekaribia kuzaa deni la pili. Benki gani inakupa faida hiyo bila makato wala kupanga foleni? Majirani zetu Kenya wana ukomo huo huo wa miaka 12 kwenye hukumu, ila wao malimbikizo ya riba yaliyopita miaka sita tangu yalipoiva hayadaiki. Kwa hiyo jambo hili linawezekana, na mbingu ya Nairobi haijaanguka.

Kuna la stakabadhi, linaumiza lakini nitalipitia mbio. Yule mwenzake wa VICOBA aliwahi kurudisha kama laki sita baada ya hukumu, mkononi kwa afisa mikopo, na vijikaratasi vipo, vimefifia wino. Wakili akavitazama akatikisa kichwa. Malipo yaliyofanyika nje ya mahakama baada ya hukumu lazima yaripotiwe na kuthibitishwa mahakamani, la sivyo mahakama inayokazia hukumu haiyatambui. Wewe unayelipia hukumu yako kidogo kidogo kwa M-Pesa ya afisa fulani, nenda kesho masjala na ushahidi wako.

Na dalali wa mahakama alipokuja kuchungulia, alipiga picha nyumba nzima, hadi masufuria. Vijana wa mtaani wakaanza kusema nyumba imeuzwa. Masufuria, vitanda na nguo haviguswi. Nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake nayo, kwa sheria zetu, haikamatwi kwa hukumu ya deni la kawaida kama hili. Ukiwa umeiweka rehani hayo ni mengine kabisa. Nilipomwambia dalali hivyo akatabasamu. “Mama, sisi tunaorodhesha tu.” Anaorodhesha nyumba ambayo haruhusiwi kuiuza, mbele ya majirani, saa nne asubuhi. Kazi ya orodha ile ni kumtia mtu aibu akimbilie kukopa kwingine, na kwingine ndiko tunakokujua.

Kifungo cha madai, yaani kufungwa kwa kutolipa deni la hukumu, kilitajwa pia, kwa sauti ya chini, kama ugonjwa. Hakizidi miezi sita, anayekufunga ndiye analipia chakula chako, na ukitoka deni liko pale pale. Sijui nani anafaidi.

Mama mdogo mwenyewe hana hasira kama mimi. Alichokiomba tangu siku ya kwanza ni alipe milioni nne kwa mafungu, laki laki, mpaka Mungu atakapomfikisha. Kulipa kwa mafungu baada ya hukumu kunahitaji mshindi akubali, na mshindi amekataa: anataka zote, pamoja na riba ya usingizi wake. Ndiyo maana tupo mahakamani kuiomba hukumu itenguliwe, na tumeitaja ibara ya 13(6)(a) ya Katiba kuhusu haki ya kusikilizwa. Nakala ya hukumu iliyomlaani ina kurasa tisa za Kiingereza. Sheria ya kufanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama ilipitishwa 2021, yeye alihukumiwa mapema mno.

Maombi yalitajwa wiki iliyopita. Kiapo chetu kilikuwa jaladani, na kila siku imepangwa mahali pake, kuanzia Ijumaa ya notisi, msiba umo, safari ya kukopa hela ya wakili imo. Wakili wa kampuni akasimama akasema bado hajaandaa kiapo kinzani cha kutujibu, kwa kuwa mteja wake hakupata muda wa kutosha. Akaomba siku 14. Akapewa.