Jina la kifaa likae mahali pamoja: ninavyolitetea faili la /etc/ethers

Kwenye seva nyingi za Linux ninazokabidhiwa, faili la /etc/ethers ama halipo ama ni tupu. Hilo hunisikitisha, kwa sababu kazi yake ni ndogo na faida yake ni kubwa. Kila kifaa kina mstari wake: anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao), nafasi, kisha jina.

00:00:5e:00:53:1a printa-uhasibu

Basi.

Faili hili ni la zamani. Kompyuta za Sun zisizo na diski zilikuwa zikiwaka bila kujua IP zao, yaani anwani zao kwenye mtandao. Kitu pekee zilichojua ni anwani ya kadi. Ziliuliza kwa RARP, itifaki ya kuuliza IP kwa kutaja anwani ya kadi, iliyoandikwa kwenye waraka wa viwango vya intaneti RFC 903 mwaka 1984. Seva ilitafuta jina kwenye /etc/ethers, halafu IP ya jina hilo kwenye /etc/hosts, faili linaloorodhesha majina na IP zake. RARP imeshazikwa, lakini mgawanyo ule wa kazi sijaona unaoushinda: kadi huelekeza kwenye jina, jina huelekeza kwenye IP.

Leo wengi tunaandika MAC ileile kwenye usanidi wa DHCP (huduma inayogawia vifaa IP), kwenye skripti ya kuwasha mashine usiku, na kwenye jedwali la ofisi. Kadi ikiungua, mahali pamoja panarekebishwa, kwingine kunasahaulika, na fundi anayefuata anahangaika siku nzima. Ukiiwekea dnsmasq, programu ndogo ya DHCP na DNS (huduma ya majina ya mtandao), chaguo la read-ethers, italisoma faili hilo yenyewe, na IP itaichukua kwenye /etc/hosts. Kadi mpya inakugharimu mstari mmoja tu. Wireshark, programu ya kuchungulia data inayopita mtandaoni, nayo hulisoma, kwa hiyo kwenye pakiti (vipande vya data hiyo) unaona printa-uhasibu badala ya msururu wa tarakimu. Kuamsha mashine iliyolala kupitia mtandao, andika amri ya etherwake na jina lake.

Wapo wanaosema simu zimelimaliza faili hili, kwa kuwa tangu Android 10 na iOS 14 hujitungia MAC kwa kila Wi-Fi. Ni kweli kwa simu za wageni, na hizo sina haja ya kuziorodhesha. Printa, kamera, swichi na seva hazibadilishi anwani ovyo, na ndizo zinazonipigia kelele saa nane usiku. Ila usilifanye faili hili kuwa mlinzi wa mlango: MAC huigizwa kwa amri moja ya Linux, ip link.

Ukianza kuliandika, weka juu ya kila mstari maelezo yanayoanza na alama ya #, useme kifaa kiko chumba gani na kimechomekwa tundu lipi la swichi.