Koti jepesi la mvua: anza na zipu za kwapani

Ukitafuta koti jepesi la mvua mtandaoni utakutana na namba mbili zilizoandikwa kwa mbwembwe: 10,000 na 10,000, au 20,000 na 20,000, na mwenye hela zaidi anaoneshwa kubwa kuliko hizo. Ya kwanza ni ya kuzuia maji, ya pili ni ya "kupumua". Mimi msimamo wangu ni huu: kwa mtu anayetembea kwenye milima yetu, namba ya pili isikunyime usingizi, na ya kwanza ikishafika 10,000 achana nayo, angalia mengine. Kitakachoamua ushuke mkavu au umelowa chapachapa ni zipu za kwapani, kofia, na jinsi mishono ilivyozibwa.

Tuanze na hilo la kupumua, maana ndiko hela nyingi zinakopotelea. Ndani ya koti zuri kuna utando mwembamba. Mvuke wa jasho hupenya utando huo kwa sababu ndani kuna joto na unyevu mwingi kuliko nje. Tofauti ikiwa kubwa, mvuke unatoka vizuri. Tofauti ikiwa ndogo, mvuke unabaki na wewe. Sasa chukua njia ya Machame kipindi cha masika. Geti liko kwenye mita kama 1,800, kambi ya kwanza iko karibu mita 3,000, na katikati ni msitu mtupu, upande wa kusini wa Kilimanjaro ambako kwenye mkanda wa msitu hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Hewa yenyewe imeshashiba maji. Wewe unapanda, begi mgongoni, mapigo ya moyo juu. Mvuke wako uende wapi? Baada ya muda mikono ya koti imelowa kwa ndani, shati limegandana na mgongo, na unaanza kulalamika kwamba koti linavuja. Halivuji. Umejipika mwenyewe humo ndani.

Ukiwa na zipu za kwapani unazifungua zote mbili, unashusha ya mbele mpaka kifuani, na hewa inazunguka. Maji yanayoingia kwapani ni kidogo mno ukilinganisha na jasho ambalo lingebaki. Hakuna utando wa bei yoyote unaoshinda tundu lililo wazi. Tena vitundu vya mapambo vya sentimita chache havisaidii. Nataka zipu inayoanzia karibu na kifua na kushuka mpaka ubavuni, na ambayo naweza kuivuta kwa mkono mmoja huku natembea.

Ni kweli mambo hubadilika ukishatoka msituni. Joto hushuka kwa nyuzi kama 6 kila ukipanda mita 1,000, na ukifika kambi za juu, Shira au Barranco, hewa ni kavu na ya baridi. Huko utando unafanya kazi uliyoulipia, na upepo ukichanganyika na mvua ya barafu, koti likiwa la ovyo si suala la kero tena, ni suala la uhai. Kwa hiyo sisemi ununue nailoni yoyote. Nasema usilipie pengo la kati ya namba 15,000 na 25,000 za kupumua ukidhani jasho litaisha. Isitoshe, viwanda hupima kupumua kwa njia tofauti tofauti, na njia moja hutoa namba kubwa kuliko nyingine kwa kitambaa kilekile. Kuweka namba za kampuni mbili pamoja na kuzilinganisha ni kujisumbua.

Ile ya kuzuia maji angalau ina maana ya moja kwa moja. Ni urefu wa maji, kwa milimita, ambao kitambaa kinaweza kubeba juu yake kabla hakijaanza kupenyeza. 10,000 ni maji ya kimo cha mita 10. Tone la mvua halina nguvu hiyo. Panapobanwa ni mabegani, chini ya mikanda ya begi, na makalioni ukikaa kwenye jiwe lililolowa. Hapo ndipo koti la milimita 3,000 hukuangusha.

Utando wenyewe una historia yake. Mwaka 1969 Bob Gore, Mmarekani, alivuta kwa ghafla kipande cha plastiki ya PTFE kilichopashwa moto, kikarefuka ajabu na kujaa vitundu vidogo sana, vya kupitisha mvuke lakini si tone la maji. Hiyo ndiyo Gore-Tex. Zamani ilitawala peke yake, leo wapo wengi. Na siku hizi kampuni nyingi zinaachana na kemikali za PFAS zilizokuwa zikitumika kwenye utando na kwenye dawa ya kufanya maji yateleze juu ya kitambaa, kwa sababu haziozi na zinabaki kwenye maji na udongo. Dawa mpya zinachuja haraka zaidi, kwa hiyo koti jipya la leo linataka kufuliwa na kutunzwa mara nyingi kuliko la zamani.

Makoti ya bei nafuu hayana utando huo, yamepakwa poliyurethani kwa ndani. Yakiwa mapya ni mazuri tu. Adui yake ni joto na unyevunyevu, yaani hali ya hewa ya Tanga, Dar na Mombasa nzima. Likae kwenye sanduku miaka michache, ndani linaanza kunata, linatoa harufu ya uchachu, halafu utepe wa mishono unabanduka na vipande vyeupe vinaganda kwenye nguo. Likifika hapo hakuna fundi wala dawa.

Sasa twende sokoni, kwa sababu wengi wetu hatununui mtandaoni. Pale soko la mitumba la Memorial, Moshi, belo likifunguliwa utakuta koti la tabaka tatu lililotoka Ulaya likiwa limetupwa kwenye rundo pamoja na vizuia upepo vya mazoezi. Kwa macho vinafanana. Muuzaji naye anaapa kwa vyote.

"Kaka, hii original. Haipitishi hata tone."

"Haya, nigeuzie nione ndani."

Geuza koti. Kila mshono unatakiwa uwe umefunikwa na utepe mwembamba uliogandishwa, kuanzia begani mpaka kwenye kofia. Hakuna utepe? Hicho ni kizuia upepo, rudisha kwenye rundo bila ubishi. Utepe ukiwepo, pitisha kucha pembeni yake uone kama unainuka. Nusa. Pitisha kiganja kwenye kitambaa uone kama kinanata. Halafu ziba mdomo wako kwa kitambaa hicho cha koti na upulize kwa nguvu: hewa ikipita kirahisi, maji nayo yatapita. Mwisho omba maji ya chupa, kunja sehemu ya mgongo iwe kishimo, mimina kidogo, na binya kwa chini kwa kidole gumba huku mnaendelea kubishana bei. Ukitoa kidole kikiwa kikavu, lipa. Muuzaji atanuna kidogo, lakini hujaharibu kitu chake. Ni koti la mvua.

Kama nje panalowa na kuwa peusi lakini ndani pakavu, usilikimbie. Hapo ile dawa ya juu tu ndiyo imekwisha, nayo inarudishika. Nitafika huko.

Rangi: usiguse kombati, hata liwe zuri vipi. Sheria hapa Tanzania hairuhusu raia kuvaa kinachofanana na sare za jeshi, na mitumbani makoti hayo yapo. Na kama unakwenda kwenye nyika zenye mbung'o, bluu na nyeusi ndizo wanazozipenda.

Kofia ndiyo sehemu wanayoisahau watu wote. Vaa, fungua zipu ya mbele nusu, geuza kichwa kushoto na kulia. Kofia igeuke na kichwa. Ikibaki palepale unajikuta unatazama kitambaa cha ndani huku mguu unatafuta jiwe. Iwe na ukingo mgumu kidogo mbele, na kamba ya kubana nyuma. Mikono iwe mirefu mpaka ifunike nusu ya kiganja, na mgongo ushuke chini ya makalio. Mifuko iwe juu ya mkanda wa begi. Iliyokaa chini ya mkanda huwezi kuitumia ukiwa njiani.

Kuhusu wepesi nina maneno. Gramu 300 zinatosha sana, ni zaidi kidogo ya robo kilo ya sukari, na koti linakunjwa likaingia mfuko wa pembeni wa begi. Chini ya gramu 200 unaingia kwenye vitambaa vya uzi mwembamba mno, ambavyo mikanda ya begi inavisugua na mwiba mmoja wa Usambara unavimaliza. Na hapa niseme jambo linalonikera: mazungumzo yote haya ya kupunguza gramu hufanywa sana na watu ambao mzigo wao unabebwa na mwingine. Kikomo cha mpagazi Kilimanjaro ni kilo 20. Mgeni anajadili gramu 80 kwenye koti lake, na mgumu, yaani mpagazi, aliyembebea hema anapita mbele yake na kizuia upepo kilichochanika kwapani. Mjini Moshi lipo shirika la KPAP linaloazima wapagazi mavazi ya mlimani, na makoti ya wageni yanapokelewa. Ukimaliza safari na lako bado zima, unajua pa kulipeleka.

Wanaoendesha bodaboda, haya hayawahusu. Nyinyi chukueni suti ya plastiki nzito, jasho si tatizo lenu.

Na kwenye msitu, kama hakuna upepo, mwavuli unalishinda koti. Wageni wanacheka, lakini mama wa Marangu anayepanda na mwavuli kutoka sokoni anafika mkavu mwili mzima, na hajajifungia ndani ya kitu chochote. Poncho nayo si mbaya, inafunika na begi, ila ukitoka kwenye miti upepo unaipeperusha mpaka usoni.

Ndani ya koti usivae pamba. Jezi ya mpira wa miguu, ile ya kawaida ya polista, inakauka mwilini wakati fulana ya pamba bado inatiririka.

Utunzaji hauna mambo mengi. Fua kwa sabuni ya maji isiyo kali, suuza mara mbili, usitie kile kimiminika cha kulainisha nguo, maana kinafanya kitambaa kinyonye maji. Likikauka, tandika kitambaa cha pamba juu yake na upitishe pasi ya moto mdogo sana. Joto linaamsha dawa iliyobaki na maji yanaanza tena kuteleza. Lisipoitikia, zipo dawa za kupuliza. Usilihifadhi likiwa limekunjwa na unyevu, litundike.

Na mikono ikiwa mirefu, kunja. Usimpelekee fundi cherehani apunguze, kwa sababu kila tundu la sindano ni njia ya maji na yeye hana utepe wa kuliziba. Zipu ya mbele ikifa, ndiyo, mpe, lakini mwambie apite kwenye matundu yaleyale ya zamani, na ukae hapohapo kwenye benchi mpaka amalize.