Kanuni za boti: nani amsemee mtoto?

Jumamosi moja ya likizo ya Agosti nilisimama kwenye ufuo mmoja wa Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria upande wa Kenya, nikitazama watoto wa kambi ya kanisa wakipandishwa boti. Kila mmoja alikuwa amevalishwa jaketi la kuokoa maisha, na kwa mbali ungesema kanuni imefuatwa. Lakini yalikuwa majaketi ya watu wazima. Msichana wa miaka minane hivi aliinua mikono ashikwe, na jaketi likampanda mpaka masikioni. Kamba ya kupitisha katikati ya mapaja haikuwapo. Angetumbukia, jaketi lingebaki likielea naye akachomoka kwa chini.

Hilo halijanitoka akilini, na hunirudia kila unapozuka mjadala wa nani asikilizwe serikali inapotunga kanuni za vyombo vya majini. Katika vikao vya maoni nilivyohudhuria hapa Kisumu nimewaona viongozi wa BMU, zile kamati zinazosimamia fukwe, wenye boti, wavuvi na watu wa hoteli. Wanaopeleka watoto ziwani, yaani kambi za likizo, shule, skauti na makanisa, sijawaona.

Kuna mahali ambako watu hao wana sauti. Ziwa Winnipesaukee, katika jimbo la New Hampshire nchini Marekani, lina ukubwa wa kilomita za mraba kama 180 hivi, kijidimbwi tu mbele ya Victoria yetu ya 68,800. Ukingoni mwake zimejaa kambi za watoto za majira ya joto, nyingine zina zaidi ya miaka mia. Mswada wa kuweka kikomo cha mwendo wa boti ulipoleta mvutano mkali huko, wakuu wa kambi walikuwa miongoni mwa waliouunga mkono. Hoja yao ilieleweka na kila mzazi: watoto wanapiga makasia kwenye mitumbwi iliyolala chini majini, na anayekuja kwa kasi huwaona akiwa amekwisha kuwakaribia mno. Sheria ilipitishwa 2008 na kuanza kutumika 2009 kwa majaribio: maili 45 kwa saa mchana, ambazo ni kama kilomita 72, na maili 30 usiku. Mwaka wa 2010 ikafanywa ya kudumu.

Waliopinga hawakuwa watu wasiojali watoto. Walisema tayari ipo kanuni ya kupunguza mwendo kabisa ukiwa ndani ya futi 150 kutoka kwa mtu, chombo kingine au ufuo, kwa hiyo tatizo ni usimamizi. Polisi wa majini walipopima kwa rada mwaka wa 2007, boti zilizozidi maili 45 zilikuwa chache mno. Kuna jambo lingine ambalo mimi naona ni zito kuliko hayo. Kambi ina ardhi ufuoni, ina wazazi wenye uwezo, ina chama na mtu wa kumtuma bungeni siku ya kazi. Mwenye boti anayetoka mbali mwisho wa wiki hana hayo, na ziwa ni la umma kwa wote wawili.

Nikiangalia pande zote, naona kambi zilikuwa na haki ya kusema na ziliomba jambo la busara. Hata hivyo, mzigo mkubwa wa kikomo kile uliwaangukia watu wengine. Ndiyo maana chama chochote kikija na pendekezo, mimi nauliza kwanza: je, kanuni hii itakibana na chenyewe?

Wapimeni wenye boti wetu kwa swali hilo. Wanalijua ziwa. Wanajua upepo wa alasiri unaotoka magharibi ukaja kulivuruga ghuba, na jinsi gugu maji linavyonasa rafadha. Wanasema kweli kwamba kanuni iliyoandikwa Nairobi, ikiwa ghali kupita kiasi, itamfanya nahodha ahame kwenye gati na kupakia watu vichakani. Wala serikali si mlinzi asiyekosea. Kivuko cha MV Nyerere kilichozama karibu na kisiwa cha Ukara, Tanzania, Septemba 2018, kilikuwa mali ya serikali. Kiliruhusiwa kubeba watu 101, na waliokufa walizidi 220. Lakini kila nafasi ndani ya boti ni nauli. Chama cha wenye boti kikiomba idadi ya abiria iongezwe, kinajiombea pesa, hata kama maneno ni ya usalama.

Kambi nazo si malaika. Zinataka safari ya bei nafuu. Tukizipa kiti, ya kwanza kuomba inaweza kuwa msamaha: safari yetu ni fupi, si biashara, tuachieni. Hapo nitakuwa wa kwanza kupinga. Ninachotaka walete ni kile ambacho hakuna mwingine anakitaja: saizi ya jaketi kwa uzito wa mtoto, watu wazima wangapi kwa watoto wangapi, safari kuisha kabla upepo haujaamka.

Sheria ya 2013 kuhusu utungaji wa kanuni nchini inamtaka anayetunga kanuni awasikilize watakaoguswa nayo. Mtoto wa miaka minane anaguswa kuliko wote, na hawezi kupanda matatu aje kutoa maoni. Anayeweza kumsemea kwa karibu zaidi ni yule aliyemchukua kwa mzazi wake asubuhi na kuahidi kumrudisha jioni.

KMA, mamlaka inayosimamia vyombo vya majini, ikiitisha kikao tena Kisumu, natamani mkuu mmoja wa kambi aje na majaketi mawili, la mtu mzima na la mtoto, ayaweke mezani mbele ya wenye boti. Ataje bei ya lile dogo. Kisha aseme kambi yake iko tayari kuongeza shilingi ngapi kwenye nauli, na kwamba boti isiyo nalo hawatapanda, hata kama watoto wameshasimama foleni.